Mapacha na Bili ya Hospitali: Safari Ndefu ya Ada za Uzazi Kenya

Waluo humwita pacha wa kwanza Opiyo na wa pili Odongo. Wakiwa wasichana, Apiyo na Adongo. Majina hayo yapo tayari tangu enzi za mababu, lakini pesa za kuwaleta duniani salama zimekuwa za kutafutwa. Tangu uhuru, serikali ya Kenya imebadilisha ada za hospitali mara nyingi, na karibu kila mara ilimfikiria mama mwenye mtoto mmoja, anayejifungua leo na kurudi nyumbani kesho. Mimba ya mapacha haiendi hivyo. Ina kliniki nyingi zaidi, ultrasaundi, presha ya kuchungwa, damu ya kuwekwa tayari, pengine upasuaji, na mara nyingi watoto huzaliwa kabla ya wiki 37 kisha hulazwa wakisubiri kuongeza uzito.

Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta iliondoa ada ya shilingi 5 waliyotozwa wagonjwa wa nje katika vituo vya umma. Ahueni hiyo ilidumu hadi Desemba 1989, wakati wa marekebisho ya uchumi, mwananchi alipotakiwa tena kuchangia gharama za matibabu. Ada fulani zilisitishwa mwaka uliofuata, zikarudishwa mwaka 1992. Wajawazito wakaanza kwenda wodini na glovu, pamba na nyembe zao wenyewe. Ukoo ulichanga, chama kikatoa mkopo, na bili ikizidi, harambee ikaitishwa.

Nafuu ilirudi polepole. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilishushwa hadi shilingi 10 na 20; mwaka 2007 kujifungua katika vituo hivyo kukawa bure. Hapo ndipo mwenye mapacha alipoachwa nje. Muuguzi wa zahanati huweka juu ya tumbo kifaa cha kusikilizia kilicho kama tarumbeta ndogo, akasikia moyo mmoja huku na mwingine kule. Huyo si wa kuzalishwa pale. Lazima aandikiwe rufaa. Na rufaa ilimpeleka hospitali kubwa, ambako bado kulikuwa na bili. Mama aliyehitaji msaada zaidi ndiye aliyelipa.

Mpango mmoja uliliona hilo mapema. Kuanzia 2006, kwa ufadhili wa Ujerumani, wanawake maskini wa Kisumu, Kitui, Kiambu na mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi waliuziwa vocha ya uzazi kwa shilingi 200. Vocha hiyo ililipia kliniki, kujifungua, hata upasuaji na matatizo yaliyotokea. Uzuri wake ulikuwa kwamba ilinunuliwa mimba ikiwa ingali changa, si usiku wa uchungu, na aliyepewa rufaa alikwenda nayo. Ilistahili kufika kila kaunti.

Nje ya mpango huo, aliyeshindwa kulipa angeweza kuzuiliwa hospitalini pamoja na kichanga chake. Wanawake wawili waliozuiliwa mwaka 2010 katika Hospitali ya Pumwani jijini Nairobi walikwenda mahakamani. Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki zao zilikiukwa, akaagiza mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni 1.5 na mwingine 500,000.

Wakati huo uzazi ulikuwa umeshatangazwa bure katika hospitali zote za umma, tangu Juni 1, 2013. Kwa kila uzazi, serikali ilirejesha shilingi 2,500 kwa kituo cha afya, 5,000 kwa hospitali ya kaunti na 17,500 kwa hospitali kuu ya rufaa. Kiwango hakikubadilika hata uzazi ukiwa wa upasuaji, na nauli ya mama anayekuja kila siku kunyonyesha watoto njiti wawili haikuwemo. Mwaka 2017 mpango ukahamishiwa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, kwa jina la Linda Mama.

Oktoba 2024 NHIF ikaipisha SHA, mamlaka mpya ya afya ya jamii. Kiwango inachoilipa hospitali kwa uzazi wa kawaida sasa ni shilingi 10,000 na kwa upasuaji 30,000, jambo ambalo kwa mapacha ni hatua kubwa. Ila Linda Mama haikudai mchango, na SHA inadai. Asiye na mshahara hulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi, tena za mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa muuza mitumba wa Gikomba aliyeambiwa leo kliniki kwamba wako wawili, hesabu inaanzia kwenye hizo 3,600, kabla hajanunua hata nepi moja.