Dizeli ya Tabo Imelala? Hivi Ndivyo Unaiamsha South Coast Bila Kuuza Shamba

Uko na Prado, Hilux, D-Max ama Drone ya dizeli, na siku hizi ukipanda kutoka Kombani kuelekea Kwale mjini unaskia kama umefunga nyumba nyuma. Gia ya tatu inakataa, unarudi ya pili, moshi unafunika bodaboda wote. Alafu msee mmoja pale stendi ya Ukunda anakushow, "Weka chipu tu, hiyo ndai itaruka."

Tulia kwanza. Hii ni gari ya kazi. Inabeba samaki kutoka Gazi na Msambweni, watalii wa Diani, ama abiria wa Likoni. Injini ikilipuka, mkopo haulipuki nayo. Kwa hivyo tumekupangia kila kitu kuanzia cha bei ya chai hadi cha ganji kubwa, na sheria ni moja: kabla ya kununua farasi wapya, rudisha wale waliotoroka. Gari nyingi zenye zimechoka hazihitaji tyuni. Zinahitaji kurudishiwa nguvu yenye kiwanda kiliweka.

Nguvu inatoka wapi?

Dizeli haina plagi. Inakandamiza hewa hadi inakuwa moto sana, noza inanyunyiza mafuta, yanajiwasha yenyewe. Tabo nayo ni feni mbili kwa shafti moja. Moshi wa ekzosi unazungusha moja, ile ingine inasukuma hewa iingie kwa injini. Wazo lenyewe ni la kitambo, Mswisi anaitwa Alfred Büchi alilisajili 1905.

Hewa ya kawaida pale ufuoni ina presha ya psi 14.7. Tabo ikiongeza psi zingine kama hizo, injini inakula karibu hewa mara mbili. Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma mafuta mengi, na hapo ndipo nguvu inatoka. Ukiongeza mafuta bila hewa, unapata vitu viwili tu: moshi mweusi na joto. Na joto ndilo hupasua pistoni na silinda hedi.

Watu wa Pwani wako na bahati moja. Nairobi iko juu sana, karibu mita 1,700, na presha ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya Diani. Gari yenye inahema Nairobi inafaa kupumua vizuri ikishuka huku. Kwa hivyo kama yako imechoka na iko usawa wa bahari, usisingizie hewa. Kuna kitu kimeharibika.

Level 1: Bei ya chai

Hizi unaweza kumaliza Jumamosi moja asubuhi.

*Filta ya hewa.* Vumbi ya barabara za Kinango na Lukore, ama ile nyeupe ya matumbawe kwa vichochoro vya Diani, inaziba filta haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Itoe, iangalie kwa mwanga wa jua. Kama mwanga haupiti, nunua mpya. Kuipuliza na kompresa kila wiki kunatoboa karatasi, alafu vumbi inaingia kwa tabo kama msasa.

*Mipira ya tabo.* Hii ndiyo mwizi namba moja wa nguvu. Mpira ukipasuka ama klipu ikilegea kati ya tabo na injini, hewa yenye umelipia inatoka nje. Dalili: mluzi ama "fsss" ukikanyaga, moshi mweusi, na mafuta mafuta kwa kiungo. Paka maji ya sabuni kwa viungo, mtu akanyage gari ikiwa imesimama, tafuta mapovu. Mpasuko mwingine hujificha chini ya mpira, upapase kwa mkono injini ikiwa imezimwa na imepoa.

*Maji kwa dizeli.* Pwani ni unyevu, na tangi ikikaa nusu usiku kucha, maji hujikusanya ndani. Fungua ule mfereji mdogo chini ya filta ya dizeli, mwaga hadi itoke dizeli tupu.

*Uzito na tairi.* Toa ile spea ya tatu, minyororo, na mawe yenye umebeba tangu mjengo wa mwaka jana. Weka upepo sawa. Inua kila gurudumu ulizungushe, ukiona breki imeshika, hapo ndipo farasi wako wengine wamefungwa.

Level 2: Bei ya tairi moja

*Filta ya dizeli na oili.* Weka filta ya maana. Noza za komon reli zina matundu madogo kuliko unavyofikiria, uchafu kidogo tu unazimaliza. Oili nayo, kama gari inapiga kazi ya mizigo na joto, ibadilishe kila kilomita 5,000. Shafti ya tabo inaelea kwa oili hiyo hiyo, na inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili chafu ni kaburi.

*Masizi.* Valvu ya EGR inarudisha moshi kidogo kwa injini. Ikichanganyika na mvuke wa oili, inajenga masizi meusi kama lami kwa njia ya hewa. Kuna injini zenye ukifungua unapata tundu limebaki nusu. Fundi akitoa hiyo manifoldi na kuiosha, tofauti unaiskia siku hiyo hiyo. Kama gari iko na sensa ya hewa, isafishwe kwa dawa yake, si kwa petroli na mswaki.

*Rejeta na intakula.* Intakula ni ile rejeta ndogo ya kupoza hewa ya tabo. Chumvi ya bahari, vumbi na wadudu wanaziba mapezi yake. Osha kwa maji ya presha ya chini ukitokea upande wa injini, ju mashine ya presha kubwa inakunja mapezi. Na joto la Pwani halina huruma, weka kulanti halisi, wachana na maji ya kisima. Maji ya kisima huku mengi yana chumvi, yanakula rejeta na silinda hedi polepole.

Level 3: Bei ya simu kali

*Pima noza kwa benchi.* Usinunue mpya kabla ya kupima. Unaeza pata moja tu ndio mgonjwa.

*Chunguza tabo.* Toa mpira wa mbele, shika shafti. Kucheza kidogo kwa upande ni kawaida. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, ama mapanga yamegusa ukuta, hiyo ni ya kurekebishwa. Kwa tabo za kisasa zenye mapanga ya kubadilika, masizi hushikisha ule mkono wa kuyasukuma. Kuusafisha ni rahisi kuliko tabo mpya.

*Ekzosi pana.* Moshi ukitoka haraka, tabo inaamka mapema na joto linashuka. Kwa injini za cc 2,500 hadi 3,000, bomba la inchi 2.5 kutoka tabo hadi nyuma linatosha. Fundi wa kuchomelea akikunja vizuri bila kubana kona, umeshinda.

*Geji mbili.* Moja ya presha ya tabo, moja ya joto la ekzosi. Ukitaka kuongeza nguvu bila geji ya joto ni kama kupika wali umefunga macho, utajua imeungua ukiskia harufu. Wengi wanatumia nyuzi 700 za sentigredi kabla ya tabo kama mpaka wa kupanda mlima kwa muda mrefu. Ikifika hapo, achilia mguu, shuka gia.

*Intakula ya mtumba.* Kama injini yako ya zamani iko na tabo lakini haikuja na intakula, hii ndiyo pesa nzuri zaidi utatumia. Hewa baridi ni hewa nyingi.

Level 4: Sasa tyuni

Ukifika hapa gari ikiwa safi, kuna njia mbili.

Kwa pampu za zamani zisizo na kompyuta, fundi wa pampu anaongeza mafuta kwa skrubu. Inaongezwa robo ya robo, unaenda kupanda mlima, unaangalia geji na kioo cha nyuma. Ukiona moshi mweusi mfululizo, rudisha nyuma. Ukungu kidogo ukibadilisha gia ni sawa.

Kwa komon reli, kazi ni ya kuandika upya programu ya kompyuta ya gari. Muulize fundi maswali matatu: Unahifadhi programu ya awali? Unaisoma gari ikiwa barabarani kabla na baada? Ikileta shida unairudisha? Akikosa kujibu moja, rudi nyumbani na ganji yako.

Kila injini na ugonjwa wake

- *1KZ-TE* (Prado na Surf za kitambo): ikichemka, silinda hedi hupasuka. Rejeta kwanza, nguvu baadaye.
- *1KD na 2KD* (Prado, Hilux, Drone): washa za kopa chini ya noza zikivuja, masizi huingia kwa oili na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini inakufa bila kupiga hodi. Badilisha washa na uchungulie sampu kabla ya tyuni yoyote.
- *4JJ1* (D-Max): ikianza kuyumba ikiwa imesimama ama kuzima ghafla, angalia ile valvu ndogo ya SCV kwa pampu ya dizeli kabla ya kulaumu noza.
- *1HZ* (Land Cruiser za safari): silinda 6, cc 4,164, na haikuja na tabo. Mkandamizo wake uko juu ya 22 kwa 1. Watu huiwekea tabo, na inaweza kukubali presha ndogo, lakini bila geji ya joto unacheza kamari na gari yenye inalisha familia nzima ya kampuni ya safari.

Moshi unaongea

- Mweusi: mafuta mengi, hewa kidogo. Angalia filta, mipira, tabo, noza.
- Bluu: oili inaungua. Tabo ama pistoni zimechoka.
- Mweupe usioisha injini ikiwa moto: kulanti inaingia ndani, ama dizeli haichomeki. Simama.

Vitu vya kuruka kabisa

Vile viboksi vyenye unachomeka chini ya dashibodi vinawaka taa tu? Vingi havifanyi kitu kingine. Vile vingine vya waya mbili vinadanganya sensa, kompyuta inaongeza mafuta bila kujua joto limefika wapi. Ruka.

Kuongeza presha ya tabo peke yake kwa kubana mpira wa valvu, ruka. Dizeli ya mtungi kando ya barabara, ruka. Imechanganywa na mafuta taa mara nyingi, na serikali ilikuwa na sababu ya kuweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa 2018 ili kuvunja mchezo huo. Mafuta taa hayalainishi pampu, na pampu ya komon reli inalainishwa na dizeli yenyewe.

Nguvu imerudi. Breki je?

Ukipanda Kwale kwa gia ya tatu leo, kesho utashuka Kombani ukiwa na mwendo mwingi kuliko ulivyozoea. Dizeli ikiachiliwa mguu haishiki gari kama petroli. Brekipedi, maji ya breki na tairi ziingie kwa bajeti kabla ya tyuni. Klachi pia: injini ikipaa na gari haisongi pale kwa rampu ya feri Likoni maji yakiwa yamekupwa, klachi imeisha, na nguvu mpya itaimaliza haraka zaidi.

Kwa barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, nguvu ni ya kumaliza kupita lori salama. Haikupi ruhusa ya kujaribu kupita kwa kona. Na matatu bado inabaki 80 kwa saa, kidhibiti mwendo hakijali una farasi wangapi.

Mambo ya karatasi: ukibadilisha injini nzima, namba yake iko kwa logibuku, lazima NTSA wajue. Bima nayo iambie. Ukigonga na kampuni ikute mabadiliko yenye haikuambiwa, inapata sababu ya kukataa kulipa.

Mwendo wa kila siku

Ukimaliza kupanda mlima ama kukimbizana kutoka Msambweni, usizime hapo hapo. Acha injini inguruke dakika moja ama mbili, tabo ipoe oili ikiwa bado inazunguka. Asubuhi nayo, usikanyage kabla oili haijafika juu. Hii haigharimu hata shilingi, na inaokoa tabo kuliko dawa yoyote ya chupa.

Kwa hivyo mpangilio ni huu: vuja, chujio, masizi, joto, noza, ekzosi, geji, breki, alafu tyuni. Wengi wakifika kwa noza wanapata gari imeshaamka, na pesa ya chipu inaenda kwa tairi mpya. Jaribu Level 1 wikendi hii, panda Kombani na mzigo ule ule, uhesabu ni wapi unabadilisha gia. Ukipata umesonga mbele hata mita mia moja, farasi wameanza kurudi.