Mshikamano wa Polima na Zege

Mwaka 1991 daraja la Ibach, karibu na Lucerne nchini Uswisi, liliimarishwa kwa tepe za polima yenye nyuzi za kaboni. Kilo 6.2 za polima zilifanya kazi ambayo ingehitaji kilo 175 za chuma. Tepe hizo hubandikwa juu ya zege kwa epoksi, na anayeitazama kazi hiyo huelekea kusema kwamba kinachoviunganisha vitu hivi ni mnato, kwani gundi ndiyo anayoiona. Istilahi inayofaa zaidi ni mshikamano, na ushahidi wake uko katika namna utepe unavyobanduka.

Utepe uliobandikwa vizuri ukivutwa maabarani mpaka ung'oke, kwa kawaida hutoka na ngozi nyembamba ya zege. Kilichopasuka ni zege, milimita chache chini ya gundi. Ndiyo maana modeli ya Chen na Teng ya mwaka 2001 hukadiria nguvu ya kiungo kwa uimara wa zege pamoja na upana, unene na ukakamavu wa utepe. Nguvu ya gundi haimo. Modeli nyingine huchora mkondo wa mshikamano na mtelezo: utepe ukianza kuteleza, mkazo kati yake na zege hupanda, hufika kileleni mtelezo ukiwa sehemu ndogo tu ya milimita, kisha hushuka hadi sifuri. Eneo lililo chini ya mkondo huo ni nishati inayohitajika kulipasua zege. Mzigo wa juu kabisa hufuata kipeuo cha pili cha unene, kwa hiyo utepe wenye unene maradufu huongeza takriban asilimia 41 tu. Urefu nao una kikomo: ukishapita urefu tendaji, ambao mara nyingi ni milimita 100 hadi 200, kurefusha utepe hakuongezi mzigo, tofauti na nondo iliyozikwa ndani ya zege.

Huenda mtu akasema kwamba mnato ni neno lililozoeleka. Ni kweli, ila fizikia imekwisha kulitumia kwa ukinzani wa kimiminika kutiririka, sifa ambayo epoksi yenyewe huwa nayo kabla ya kukauka. Pingamizi zito zaidi ni kwamba gundi nayo hushindwa, kwa vumbi lililoachwa juu ya zege au kwa joto linaloilainisha. Hilo haliuangushi mshikamano, kwa sababu neno hili hutaja uhusiano wa matabaka yote matatu, yaani utepe, gundi na zege, na lolote kati yake laweza kuwa dhaifu. Mhandisi anayesoma kwamba mnato ni hafifu ataagiza gundi kali zaidi. Anayesoma kwamba mshikamano ni hafifu atalipima zege kwanza, kama unavyotaka mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani: uso wake ustahimili mvuto wa angalau megapaskali 1.4 kabla ya utepe kubandikwa.