Shamba Lililoamua Ugomvi

Shamba la Broadbalk liko Rothamsted, Harpenden, kaskazini mwa London. Mwaka 1843, kabla ya baridi kuingia, lilipandwa ngano. Mwaka uliofuata likapandwa ngano tena, na uliofuata tena, katika udongo uleule. Mwenye shamba, John Bennet Lawes, alikuwa na miaka 28. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepata hataza ya kutengeneza mbolea ya fosfati kwa kumwagia mifupa asidi ya salfa. Aliyemwajiri awe mkemia wake ni Joseph Henry Gilbert, kijana aliyesoma Ujerumani kwa Justus von Liebig.

Liebig ndiye aliyekuwa mkemia mkubwa wa kilimo siku zile. Alifundisha kwamba mmea hujipatia naitrojeni ya kutosha kutoka kwenye amonia iliyomo hewani na inayoteremka na mvua, hivyo kazi ya mkulima ni kurudisha madini tu. Gilbert hakumjibu mwalimu wake kwa maneno tu. Shamba liligawanywa kanda ndefu: moja haikutiwa kitu, moja ikapewa samadi, takriban tani 35 kwa hekta kila mwaka, nyingine zikapewa madini peke yake, na nyingine madini pamoja na chumvi za amonia kwa viwango vinavyopanda, kilo 48 za naitrojeni kwa hekta, kilo 96, kisha kilo 144.

Ngano ndiyo iliyojibu. Ukanda wa madini matupu ulizidi kidogo tu ule usiopata kitu. Palipoongezwa amonia juu ya madini, mavuno yalipanda mpaka yakalingana na ya samadi, zaidi ya maradufu ya ukanda mtupu. Amonia bila madini nayo haikufika mbali, maana kila mavuno yalizidi kuchota fosforasi na potasiamu ya udongo. Liebig hakukubali, na ugomvi wao ukaendelea miaka mingi. Lawes na Gilbert wakajenga kipimo kikubwa cha mvua, wakapima amonia inayoshuka nayo, wakakuta ni kilo chache tu kwa hekta. Tani moja ya punje za ngano hubeba karibu kilo 20 za naitrojeni, kwa hiyo mvua peke yake haikuweza kumlisha mtu.

Kinachonivutia zaidi katika habari yote hii ni mifereji. Chini ya kila ukanda palikuwa na bomba la udongo la kutolea maji. Maji hayo yalipokusanywa na kupimwa, yalikutwa yamejaa nitreti wakati wa baridi. Amonia iliyowekwa wakati wa kupanda ilikuwa ikigeuka nitreti na kuoshwa na mvua kabla ngano haijaota mizizi ya kuinywa. Mkulima alikuwa amenunua mbolea akaipeleka mtoni. Ndipo wakaanza kuiweka baridi inapokwisha, mmea unapoamka. Mkulima wa mahindi wa Mbeya au Kitale anayesubiri mahindi yafike magotini ndipo aweke mbolea ya kukuzia anafuata hesabu hiyohiyo.

Wawili hao walifanya kazi pamoja miaka 57. Lawes alifariki mwaka 1900, Gilbert mwaka 1901, na ngano ikaendelea kupandwa. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kutengeneza amonia kutokana na hewa kwa njia ya Fritz Haber na Carl Bosch, na polepole mbolea ya naitrojeni ikaacha kutegemea chumvi za nitreti za Chile. Hata hivyo mabua ya ngano ya zamani yalikuwa marefu, na yakishiba naitrojeni huanguka. Mwaka 1968 Broadbalk ikapandwa ngano ya mabua mafupi. Mbegu hizo mpya, pamoja na dawa za kuua magugu na ukungu, ziliwezesha kanda zenye naitrojeni ya kutosha kupita tani 8 kwa hekta katika miaka mizuri.

Ukanda usiotiwa mbolea bado unapandwa kila mwaka, na hupewa mbegu hizohizo mpya. Hutoa takriban tani 1 kwa hekta, yaani gunia 4 za kilo 100 kwa ekari, karibu sawa na ulivyotoa enzi za Lawes.