Vita vya Troy Katika Utenzi na Katika Sinema

Tulipokuwa tukifundisha tenzi za vita, mwanafunzi mmoja alitwambia kwamba yeye hana haja ya kuusoma Iliad, utenzi mkuu wa Homer, maana ameiona sinema yake. Tulipomwuliza utenzi huo waishaje, alijibu bila ya kusita: farasi wa mbao huingizwa mjini na mji huteketea. Darasa zima lilimwafiki. Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika haya, kwani katika Iliad hamna farasi huyo.

Sinema yenyewe ni Troy, iliyotolewa mwaka 2004. Aliyeiongoza ni Wolfgang Petersen, Mjerumani, na mswada wake uliandikwa na David Benioff. Brad Pitt aliigiza Achilles, Eric Bana akaigiza Hector, na Peter O'Toole, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha pita miaka sabini, akawa mfalme Priam. Ilipigwa Malta na Mexico kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 150 za Kimarekani. Farasi wake mkubwa alipelekwa Uturuki baadaye, akasimamishwa kando ya bahari katika mji wa Çanakkale, hata wageni wengi humpiga picha yeye kabla ya kuyafikia magofu.

Magofu hayo yako Hisarlik, karibu na mlangobahari wa Dardanelles. Hapo miji ilijengwa juu ya miji, na wachimbaji wamehesabu matabaka makuu tisa. Heinrich Schliemann, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyemwamini Homer kama mtu aaminivyo barua ya babaye, alianza kuchimba mwaka 1870. Kwa haraka yake alipasua handaki kubwa lililoharibu sehemu ya yale aliyokuwa akiyatafuta. Dhahabu aliyoipata mwaka 1873 akaiita Hazina ya Priam; kumbe ni ya tabaka la pili kutoka chini, lililotangulia kwa miaka zaidi ya elfu moja ule wakati vita hudhaniwa kupiganwa, yaani karne ya 13 au ya 12 kabla ya Kristo. Hazina hiyo ilikaa Berlin hata mwaka 1945, jeshi la Kisovieti lilipoichukua kwenda Moscow. Aidha, mkataba wa Wahiti wa karne ya 13 wataja nchi iitwayo Wilusa, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa ndiyo Troy, na mtawala wake Alaksandu, jina linalofanana na Alexandros, ambalo ni jina la pili la Paris. Mji wenye ngome, basi, ulikuwapo. Helen ni wa watunzi.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuilaumu sinema kwamba imeiharibu historia. Iliyoibadili ni hadithi, na sisi tunaofundisha tenzi tuwe waangalifu kabla ya kukasirika. Utenzi wa Tambuka, alioutunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, wasimulia vita vikali baina ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, ilhali safari ya Tabuk ya mwaka 630 yasimuliwa na wanahistoria kuwa iliisha pasipo mapigano makubwa. Hatumwiti Mwengo mwongo. Mtunzi hupanua na hupunguza. Linalopasa kuulizwa ni amepata nini na amepoteza nini.

Petersen aliwaondoa miungu karibu wote, wale ambao katika Homer hugombana, hupanga na hata kujeruhiwa vitani. Miaka kumi ya vita ikawa majuma machache. Hayo twayaelewa. Lililotushangaza ni vifo vya wafalme wawili. Katika sinema, Menelaus auawa na Hector, na Agamemnon achomwa kisu na Briseis mji unapoungua. Mtazamaji hufurahi, kwani waovu wamelipwa. Lakini katika masimulizi ya Wayunani, Menelaus arudi kwao pamoja na Helen, akaishi naye kwa utulivu kana kwamba maelfu hawakufa kwa ajili yao. Naye Agamemnon arudi na ushindi, akauawa nyumbani mwake na mkewe mwenyewe. Ukimwua Agamemnon ndani ya Troy umezifuta tamthilia tatu za Aeschylus zilizochezwa Athens mwaka 458 kabla ya Kristo, ambazo zaanza na kurudi kwake.

Lakini sehemu tunayoomba walimu waitazame pamoja na wanafunzi wao ni ile ya hemani. Hector ameuawa, maiti yake imeburutwa nyuma ya gari la vita. Usiku Priam aja peke yake katika hema la Achilles, aibusu mikono iliyomwua mwanawe, aomba apewe maiti akaizike. Katika utenzi aongozwa na mungu Hermes. Katika sinema asema tu kwamba aijua nchi yake, na hilo twaliona limefaa sana. O'Toole aliicheza sehemu hiyo kwa sauti ya chini, pasi na kulia kwa kelele, na ndiyo iliyo karibu zaidi na Homer katika sinema nzima.

Hata hivyo pana jambo moja lililopunguzwa humo. Katika sinema babaye Achilles amekwisha kufa, na Priam amtaja kama marehemu aliyemjua. Katika Homer, Peleus yu hai, mzee, mpweke, angoja kila siku habari za mwana wake wa pekee. Priam aanza ombi lake hapo: mkumbuke baba yako, aliye rika langu. Achilles ajua kwamba mwenyewe hatarudi, na kwamba karibu Peleus atakuwa kama mzee huyu aliyepiga magoti mbele yake, tena hatakuwa na maiti ya kuomba. Ndipo wote wawili walia, mmoja kwa ajili ya mwanawe, na mwingine kwa ajili ya babaye na rafikiye Patroclus. Kisha wala pamoja. Baba akiwa kaburini, machozi ya Achilles katika sinema yabaki kuwa ya huruma na majuto. Katika utenzi ajiliza msiba wa nyumba yake mwenyewe kabla haujafika.

Achilles atoa siku kumi na moja za kusitisha vita. Watu wa Troy waleta kuni, wachoma maiti, waikusanya mifupa katika sanduku la dhahabu na kuifunika kwa mawe, kisha wala karamu ya matanga nyumbani kwa Priam. Hapo utenzi waisha, mji ungali umesimama.