Ardhi Rahisi ya Mlimani: Gishari, Kigezi na Nakivale

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliunda ofisi iliyojulikana kwa herufi tatu, MIB. Kazi yake ilikuwa kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzipeleka ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Masisi huko Kivu. Sehemu ya kwanza kufunguliwa iliitwa Gishari. Ni nchi ya juu, yenye baridi, mvua nyingi, mianzi na misitu, mbali na barabara kubwa za wakati ule. Ofisi hiyo ilifanya kazi kwa awamu mbili hadi mwaka 1955, na idadi inayotajwa mara nyingi na wanahistoria ni watu wapatao 85,000. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mmoja wao. Alivuka mwaka 1952 akiwa mtoto wa miaka kama kumi, na kazi aliyopewa njiani ilikuwa kubeba kuku.

Wazee wanaposimulia habari hizi hapa Nakivale, neno moja hurudi kila mara: ardhi ilikuwa rahisi. Ukifika ulipewa mlima, ukaukata msitu, ukapanda. Swali ninalotaka kulijibu katika insha hii ni kwa nini ilikuwa rahisi hivyo. Naona swali hili halijauliziwa vya kutosha, hata darasani, kwa sababu tunapofundishwa uhamiaji wa enzi ya ukoloni tunaanza na waliohama na shida zilizowasukuma, halafu tunaishia hapo.

Shida hizo zilikuwa za kweli na sitaki kuzipuuza. Rwanda ilikuwa na watu wengi juu ya vilima vidogo. Njaa iliyoitwa Rwakayihura ilipita mwaka 1928 na 1929, na nyingine, Ruzagayura, ikaja mwaka 1943 na 1944. Juu ya njaa kulikuwa na kazi za lazima na kiboko. Watu wengi walikuwa wameshaanza kujihamisha wenyewe: walitembea kwa miguu kupitia Ankole, wakielekea Buganda kutafuta vibarua katika mashamba ya pamba na kahawa ya Waganda. Kwa Wabelgiji hii ilikuwa hasara, maana nguvu kazi yao ilikwenda kumtajirisha Mwingereza. Kuwapeleka Masisi kulitatua mambo mawili kwa mpigo. Kulipunguza watu Rwanda, na kuliwapa walowezi wa kizungu wa Kivu vibarua wa mashamba yao ya kahawa, chai na pareto.

Sasa tuangalie upande wa pili wa mpaka. Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote ya Kongo isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Tangazo hilo ni fupi sana, lakini ukilielewa umeelewa sehemu kubwa ya historia ya Kivu. Nani ataamua kwamba ardhi haina mwenyewe? Afisa. Ataamua kwa kuangalia nini? Nyumba na shamba lililolimwa msimu huo. Basi msitu, malisho, shamba lililopumzishwa, mahali pa kuweka mizinga ya nyuki, makaburi ya ukoo, vyote hivyo vilihesabiwa kuwa pori tupu. Mwaka 1925 ikaundwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na mwaka 1928 ikaundwa kamati iliyoitwa Comité National du Kivu, iliyopewa madaraka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Wahunde wa Masisi walijikuta hifadhi iko upande mmoja, wazungu wako upande mwingine, na katikati linakuja kundi jipya kutoka Rwanda.

Katika mtaa wetu hapa Nakivale yupo bibi mmoja wa Kihunde, umri wake si mbali na wa babu. Alikimbia Masisi kama sisi tulivyokimbia, ingawa si siku moja wala si kwa sababu ya watu wale wale. Nilipoanza kukusanya habari za insha hii nilikwenda kwake, nikiwa na babu. Nilimwuliza bibi kama ukoo wao uliuza ardhi. Akacheka. Alisema kwao ardhi haikuuzwa wala haikununuliwa. Mtu mgeni alikwenda kwa mkubwa wa ukoo, na kupitia kwake kwa mwami, akapeleka mbuzi na pombe, akaonyeshwa pa kulima, na kila mavuno alikumbuka aliyempokea. "Wageni tuliwajua," alisema. "Hawa waliletwa na karatasi. Mtu wa karatasi hakusalimii." Babu alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba hata wao hakuna aliyewaambia kuna mtu wa kusalimiwa. Walionyeshwa mipaka na karani, basi.

Nimeyaandika maneno hayo mawili jinsi nilivyoyasikia kwa sababu yananisaidia kujibu swali langu kuliko takwimu. Gishari ilikuwa rahisi kwa sababu mtu mmoja katika mapatano hakuulizwa, na kwa hiyo haki yake haikuingizwa kwenye bei. Makubaliano yalifanyika kati ya wakubwa na wakubwa. Mhunde wa kawaida, ambaye mizinga yake ilikuwa juu ya mti uliokatwa, hakuwa na nafasi mezani. Babu yangu naye hakuwa na nafasi. Wote wawili walikuja kulipa baadaye.

Malipo hayo yalikuja polepole, na kila mara yalikuja kwa njia ya karatasi nyingine. Gishari ilikuwa imefanywa uchifu wenye chifu Mnyarwanda. Mwaka 1957 uchifu huo ulifutwa na eneo likarudishwa chini ya Wahunde. Baada ya uhuru, Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 na kisha sheria ya ardhi ya Julai 1973 zikasema ardhi yote ni ya dola. Kuhusu ardhi zinazokaliwa kwa mila, sheria ya 1973 iliahidi kwamba rais atatoa amri maalumu ya kuzipanga. Amri hiyo haikutoka kamwe. Katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi, mwenye marafiki Kinshasa aliweza kupata hati ya mlima mzima wenye watu juu yake, akaweka ng'ombe. Jibini ya Masisi ambayo watu wa Goma wanaisifu sana, sehemu yake imetoka kwenye milima ya namna hiyo.

Halafu kukaja uraia. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia wa Zaire watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Babu alivuka mwaka 1952. Alipelekwa na ofisi ya serikali, kwa gari la serikali sehemu ya safari, na bado alikuwa amechelewa miaka miwili. Hata hao waliowahi hawakupona, kwa kuwa sheria ya mwaka 1981 iliifuta ile ya kwanza na kudai asili ya mwaka 1885. Ni vigumu kwa mtu asiye na uraia kutetea shamba mbele ya hakimu. Ilipofika Machi 1993, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi nzima, na watu wa lugha zote wakafa na kukimbia. Sitaeleza zaidi hapa. Wengi wetu tunaosoma kitabu hiki tunayo habari hiyo nyumbani.

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya Wabelgiji, na kwamba Waingereza walifanya vizuri zaidi. Hoja hiyo niliisikia katika semina yetu hapa Mbarara, kutoka kwa mwenzangu Mkiga, na inastahili kupimwa. Kigezi nayo ilikuwa na vilima vilivyojaa watu. Mwaka 1946 serikali ya Uganda, chini ya usimamizi wa afisa kilimo J. W. Purseglove, ilianza kuhamisha Wakiga kutoka kusini mwa wilaya kwenda kaskazini mwa Kigezi penyewe, na miaka iliyofuata wakapelekwa pia Ankole, Toro na Bunyoro. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba mwanzoni watu walihamia ndani ya wilaya yao, chini ya machifu waliowajua, na suala la nani ni raia halikuzuka. Katika hilo mwenzangu ana haki.

Lakini watu hawakusubiri kuhamishwa na serikali peke yake. Wengine walikwenda wenyewe, wakifuata ndugu, na wakafika pembezoni mwa msitu wa Kibale, ambako ardhi ilipatikana kwa bei ndogo au bila bei kabisa. Walikata, wakalima, wakazaa, wakajenga makanisa na shule. Wapo waliokaa miaka ishirini na zaidi wakilipa kodi na kupewa risiti. Mwaka 1992 serikali iliwaondoa makumi ya maelfu ya watu kutoka hifadhi ya msitu ule na ukanda wake wa wanyama, na mwaka uliofuata Kibale ikawa hifadhi ya taifa. Na kabla yao, mwaka 1991, Bwindi na Mgahinga zilipogeuzwa kuwa hifadhi za taifa, Watwa walitolewa katika misitu ambayo wazee wao waliishi ndani yake kabla ya mkulima yeyote kufika. Kwa hiyo msitu wa Kibale ulikuwa rahisi kwa sababu ile ile: aliyekuwa na dai juu yake, safari hii dola yenyewe, alikuwa bado hajalitekeleza dai hilo kikamilifu. Kunyamaza kwake watu walikuchukua kama ruhusa.

Nakivale yenyewe inaingia katika historia hii. Makazi yalifunguliwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na wakazi wake wa kwanza walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda. Yaani katika miaka mitano tu tangu MIB ifungwe, Wanyarwanda wengine walikuwa wanapewa ardhi upande wa Mwingereza. Nchi hii iliitwa tupu nayo. Lakini sehemu kubwa ya mashariki mwa Ankole ilikuwa imepoteza wafugaji wake kwa sababu ya mbung'o katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mbung'o walipopunguzwa, wafugaji walitaka kurudi. Ugomvi wa mipaka kati ya wakimbizi na Wanyankole wa Isingiro, ambao kila mmoja wetu ameuona, ng'ombe wakiingia kwenye mahindi na watu wakiitana majina, una mizizi huko. Si chuki iliyoanguka kutoka mbinguni.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya jambo linaloendelea sasa. Chakula cha msaada kimepunguzwa zaidi ya mara moja tangu mwaka 2020, na kipande cha kulima anachopewa mtu anayefika leo ni kidogo sana kulinganisha na walichopata waliotutangulia. Katika hali hii wamekuja mabroka. Wanasema upande wa Bunyoro kuna vilima vyenye msitu, mbali na kelele, udongo mweusi, na bei ya ekari moja ni chini ya bei ya kiwanja cha nyumba pembezoni mwa Mbarara. Kikundi cha akiba cha baba mdogo, watu kumi na wanane, kimeweka fedha kwa miaka minne na kinataka kununua pamoja. Waliniletea karatasi, ile inayoitwa endagaano, niwasomee kwa sababu iliandikwa Kiingereza.

Nilisoma mara tatu. Ilikuwa na jina la muuzaji, alama za vidole, na muhuri wa mwenyekiti wa LC1. Haikuwa na majirani wa pande nne. Haikusema muuzaji aliipataje ardhi hiyo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 zinamruhusu asiye raia kukodi ardhi, kwa muda usiozidi miaka 99, bali hazimpi umiliki wa kudumu. Karatasi ile iliandika "milele". Niliwaeleza hivyo kikundi, chini ya mwembe, na ubishi ulikuwa mkali. Mama mmoja alisema mimi ninasoma vitabu wakati watoto wake wanalala njaa, na kwamba hakuna ardhi duniani isiyo na maneno. Sikuwa na jibu la njaa. Babu ndiye aliyesema. Aliuliza tu: huyo anayeishi kando ya huo msitu, mmemsalimia?

Walikubaliana kutolipa kitu kwanza. Watu wawili wamechaguliwa, baba mdogo na yule mama aliyenibishia, waende wakae huko wiki moja, waulize majirani shamba ni la nani na msitu unaishia wapi, kisha wapite ofisi ya ardhi ya wilaya kabla ya kurudi. Wamepanga kuondoka maharage yakishavunwa.