Kadi za salamu za seti

Kadi za salamu za seti ni kadi za pongezi, shukrani, pole au sikukuu ambazo mtu huziunganisha kwa mkono nyumbani kwake, akitumia vipande vya karatasi, mihuri, wino na bahasha vilivyoandaliwa pamoja katika sanduku moja. Seti za namna hii huuzwa hasa Marekani na Ulaya. Nyingi hutolewa kwa usajili: mteja hulipa kila mwezi na kuletewa kwa posta sanduku lenye mada mpya. Mfano mmojawapo ni Paper Pumpkin, seti ya Stampin' Up!, kampuni ya mihuri ya kazi za mikono iliyoanzishwa mwaka 1988 na yenye makao makuu huko Riverton, katika jimbo la Utah, Marekani.

Historia

Kadi ya Krismasi ya kwanza ya biashara ilichapishwa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole, na mchoro wake ulikuwa wa John Callcott Horsley. Hiyo ilikuwa kazi ya mtambo, iliyotiwa rangi kwa mkono.

Kadi ya kuunganishwa ina asili iliyo karibu zaidi na Esther Howland (1828–1904) wa Worcester, Massachusetts. Mwishoni mwa miaka ya 1840 alianza kutengeneza kadi za Siku ya Valentino kwa karatasi zilizotobolewa mfano wa lesi, picha za rangi na maua. Wanawake walikaa kuzunguka meza, kila mmoja akifanya hatua yake. Wengine walifanyia kazi nyumbani, wakipewa sanduku la vifaa pamoja na kadi ya kuiga. Seti ya leo inafanana sana na sanduku hilo, ila wanawake wale walilipwa kwa kazi yao, na mteja wa leo hulipa ili aifanye.

Utengenezaji

Katika seti, sehemu ngumu zaidi imeshamalizika kiwandani: karatasi zimekatwa kwa vipimo, maumbo ya maua au majani yamekatwa kwa kalibu, na mstari wa kukunjia umeshachorwa. Mstari huo ni muhimu kuliko unavyoonekana. Karatasi nene ikikunjwa bila mfuo hupasuka ukingoni na kuonyesha weupe wa ndani, hasa inapokunjwa kukatisha nyuzi zake. Baada ya kukunja, mkunjo hukandamizwa kwa bapa la mfupa au mgongo wa kijiko.

Mihuri mingi ya seti ni ya plastiki laini inayopenyeza mwanga. Hunata yenyewe kwenye kibao cha plastiki ngumu kilicho wazi kama kioo, hivyo mtengenezaji huona mahali hasa maandishi yatakapoangukia. Muhuri mpya wakati mwingine hukataa wino, nao ukaacha matone badala ya alama kamili. Kuusugua taratibu kwa kifutio hutatua tatizo hilo. Muhuri hugongwa kwenye wino kidogokidogo, kisha hukandamizwa wima juu ya karatasi bila kuutikisa. Ukitikiswa, herufi hupata kivuli.

Maandishi hupigwa kabla ya kubandika chochote. Herufi zikiharibika kwenye kipande kilicho huru, hupotea kipande kimoja, au hupigwa upya upande wa pili. Zikiharibika juu ya kadi iliyokamilika, hupotea kadi nzima. Aidha, muhuri haukai sawasawa juu ya vipande vilivyopandana. Seti huwa na vipande vichache vya akiba, kwa hiyo wanaoanza hujaribu kwanza kwenye karatasi chakavu.

Gundi ya maji hukunyanza karatasi nyembamba, ndiyo maana seti huja na vibandiko vikavu. Vidonge vya sponji vyenye gundi pande zote mbili huinua ua au neno juu ya kadi na kulipa kivuli. Hapo ndipo gharama ya posta inapoingia. Nchini Uingereza, barua ya kawaida haipaswi kuzidi unene wa milimita 5. Ikizidi hutozwa kama barua kubwa. Marekani kikomo ni robo inchi, takriban milimita 6, na bahasha ya mraba hutozwa nyongeza hata ikiwa nyembamba.

Wako wanaosema kadi ya seti si kazi ya mkono kamili, kwa kuwa mbuni ni mtu mwingine. Hoja hiyo ina uzito kwa anayefuata picha ya maelekezo bila kubadili kitu. Hata hivyo, watengenezaji wengi hugeuza vipande hivyohivyo kuwa kadi tofauti kabisa, na ndani ya kadi huachwa nafasi tupu ambayo hujazwa kwa kalamu na mtumaji mwenyewe.

Afrika ya Mashariki

Kadi kama hizo hutengenezwa pia bila seti. Maduka ya vifaa vya shule huuza karatasi za manila, na karatasi nene ya A4 ikikatwa katikati na kila nusu kukunjwa hutoa kadi mbili za A6, zinazotosha katika bahasha ya C6. Katika maduka ya watalii nchini Kenya, Tanzania na Uganda huuzwa kadi zenye picha za wanyama, vijiji na wanawake waliobeba mitungi, zilizoundwa kwa vipande vya majani makavu ya mgomba. Rangi zake, kuanzia manjano iliyofifia hadi kahawia iliyokoza, ni za mgomba wenyewe.