Jinsi ya kutunza nyasi za nyumbani Meru na Embu, msimu hadi msimu

VITABU vingi vya bustani vinavyouzwa madukani huandikwa kwa nchi zenye majira manne ya mwaka. Anayevifuata Meru au Embu huenda akatia mbolea ardhi ikiwa kavu na kufyeka nyasi wakati zinapohitaji kuachwa zipumzike.

Katika miteremko hii ya mashariki ya Mlima Kenya, mwaka hugawanywa na mvua. Mvua ya masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katikati huja kipupwe chenye ukungu na manyunyu, Juni hadi Agosti, na kiangazi kikali, Januari hadi Machi.

Kuchagua nyasi

Kosa la kwanza hutokea kabla ya kupanda. Mji wa Meru uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nao Embu mita 1,350 hivi. Hata hivyo, ukitoka Kianjokoma kwenye majani chai ukateremka hadi Siakago kwenye mtama, hali ya hewa hubadilika kabisa katika safari fupi ya gari.

Nyanda za juu zinafaa nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni milima ya Afrika Mashariki. Hutambaa upesi, hushika udongo kwenye miteremko na hustahimili kukanyagwa. Nguvu hiyo ndiyo iliyozifanya ziorodheshwe na serikali ya Marekani miongoni mwa magugu hatari.

Sehemu za chini, kama vile Mbeere na Tharaka, zinafaa ukoka wa majani membamba. Hukauka ukawa wa rangi ya kahawia wakati wa ukame, lakini mizizi husalia hai na huchipuka mvua inaporejea. Ukoka haupendi kivuli. Chini ya miti ni heri kupanda nyasi za Pemba, zenye majani mapana.

Masika na vuli

Hii ndiyo misimu ya kupanda. Mwenye shamba la Meru asiidharau vuli, kwani Novemba huwa miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi zaidi huko.

Lima, ng'oa magugu pamoja na mizizi, kisha changanya samadi iliyooza vizuri. Panda vipande vyenye pingili mbili au tatu, kwa nafasi ya sentimita 15 hivi, mara ardhi inapolowa. Mbolea ya dukani yenye naitrojeni itiwe udongo ukiwa na unyevu na majani yakiwa makavu, la sivyo itayaunguza.

Kata nyasi mara kwa mara, lakini usiondoe zaidi ya thuluthi moja ya urefu wake kwa mara moja.

Kipupwe

Jua likiadimika, nyasi hukua polepole na huweza kuwa za manjano. Wengi hudhani zina njaa, wakaongeza mbolea. Dawa ni subira. Usikate nyasi zikiwa na umande, na uhakikishe makali ya mashine au fyekeo ni mazuri, kwani majani yaliyochanika hukaribisha ukungu wa magonjwa.

Kiangazi

Acha nyasi zirefuke kidogo, sentimita 5 au zaidi, ili zifunike udongo na kuzuia jua lisikaushe mizizi. Ukiwa na maji ya kutosha, mwagilia asubuhi, mara moja kwa wiki hadi yazame chini. Kunyunyiza kidogo kila siku hufanya mizizi ibaki juu juu na kudhoofika.

Maji yakiwa ya mgao, watu, mifugo na mboga ndio wa kwanza. Nyasi zilizopandwa mahali pake zitajirudia zenyewe mvua ikinyesha.

Mpaka na mifugo

Nyasi za Kikuyu haziheshimu mpaka. Zikiingia katika kahawa au migomba hunyang'anya mimea hiyo maji na rutuba, na kipande kimoja cha shina kinachosalia udongoni huweza kuota upya. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 20 hivi kuzunguka uwanja, na uusafishe kila mwezi wakati wa mvua.

Nyasi zilizokatwa ni chakula kizuri cha ng'ombe, mradi uwanja haujapuliziwa dawa ya kuua magugu au wadudu. Ikiwa umepulizia, soma kibandiko cha dawa ujue ni siku ngapi za kungoja. Kisipotaja malisho, usimpe mnyama nyasi hizo. Hasara ya ng'ombe mmoja wa maziwa haiwezi kulipwa na uwanja wowote, hata uwe wa kijani kiasi gani.